Malalo ya Asiyelala

Hapana, Bupe, si kichaa. Amesimama mvuani kwa sababu hajaambiwa aingie, na hajaambiwa kwa sababu wa kumwambia ni mimi, na mimi bado nafikiria. Yule ni Ngwisa, kaka wa bibi yako Subilaga, tumbo moja. Mwamkie kutoka hapo hapo mlangoni, inatosha. Hilo gunia begani ni maranda, yale makapi ya mbao yanayotoka kiwandani wanakopasua magogo. Kila mwaka mvua zikianza analeta gunia moja. Ng'ombe hatuna. Maranda analeta.

Sogea huku, moshi usikuingie machoni. Chakula bado, hayo maharage ni ya mwaka jana, yana kiburi. Mpaka yaive nitakuwa nimemaliza kukueleza, na kama sijamaliza utakula huku unasikiliza.

Nchi yetu ya wakati ule siitaji jina. Siogopi. Sheria ilisema jina la nchi litajwe mtu akiwa amesimama wima, kifua mbele, na magoti yangu unayajua. Basi tuiite nchi.

Mkuu wa nchi aliitwa Asiyelala. Jina alilopewa na mama yake lilikuwepo, ila lilistaafishwa kwa heshima. Kila asubuhi redio ilikuwa inasema, ndugu wananchi, Asiyelala hakulala, amekesha akiwafikiria ninyi. Sisi tukawa tunashukuru. Mimi kwa kweli nilikuwa namwonea huruma. Namwambia bibi yako, mtu mzima yule, si angetufikiria mchana, usiku akapumzika? Bibi yako ananiambia nyamaza, kuta zina redio. Siku hizo kupiga miayo hadharani lilikuwa kosa, maana ilionekana unamsema. Fundi cherehani wa hapo njiapanda alifungwa kwa miayo, akaeleza mahakamani kwamba alikuwa anapiga chafya ikakwama, hakimu naye katikati ya hukumu akapiga miayo, wakaondoka kwenye gari moja.

Lakini nilikuwa nataka kusema habari ya malalo, yale matandiko anayolalia ng'ombe. Unajua huku kwetu, baridi, mvua, tope mpaka magotini. Ng'ombe alikuwa analala kwenye tope, asubuhi kiwele kimevimba kama kibuyu, ukikamua unatoka usaha. Ngwisa ndiye aliyeleta dawa. Siwezi kumnyima hilo. Alikuwa anafanya kazi ya kukata mbao, akasema shemeji, haya maranda tunayachoma bure, tuyamwage bandani. Tukajenga banda moja kubwa la kijiji, tukamwaga maranda mpaka yakafika magotini, ng'ombe wetu wote humo humo. Hatukutoa kinyesi. Watu wakasema tumekuwa wachafu. Sisi ni kugeuza tu. Asubuhi na jioni, ng'ombe wakitoka kukamuliwa, tunaingia na majembe ya uma, tunachimbua, ya chini yanakuja juu, hewa inaingia. Kile kinyesi na mkojo vikichanganyika na maranda vinaanza kuiva vyenyewe, Bupe, kama pombe. Ukichimba kidogo ukaingiza mkono, unautoa mbio, moto. Ule moto wa chini unakausha juu. Ng'ombe analala pakavu, pana joto, hapanuki, panatoa harufu kama msituni baada ya mvua. Ukitaka kujua pako sawa, unafumbata konzi moja. Likitoa maji, ongeza maranda. Likiwa vumbi tupu, moto umekufa. Linatakiwa lishikane kisha livunjike taratibu, kama ugali wa jana.

Na tulikuwa na desturi yetu. Ng'ombe hakai kwenye malalo mapya mpaka mwenyewe ameyaonja. Unalala chali na shati lako, bandani, mbele za watu, mpaka chai ichemke. Unainuka, mkeo anakupapasa mgongo. Shati likiwa kavu, ng'ombe anaingia. Likiwa limelowa, unachekwa. Unachekwa na wote, mpaka na watoto, mpaka na mkweo, na huna ruhusa ya kukasirika. Unaenda kuchukua jembe lako la uma unaanza upya.

Matilda alikuwa wa kwanza kuingia. Ng'ombe wangu. Pembe moja imepinda imekuja mbele kama anakuonyesha njia. Huyo ndiye aliyemsomesha mama yako, si mimi.

Basi sifa zikavuma. Zikafika Ikulu kwamba kuna banda ng'ombe wanalala vizuri kuliko watu. Yakaja magari, ikaja bendi, wakaja mawaziri wengine hata wizara zao hazijulikani. Alikuwepo Waziri wa Mambo Yaliyokwisha Semwa. Hotuba zilikuwa ndefu, kila mmoja anasema mageuzi haya ya kimalalo ni matokeo ya maono ya Asiyelala, na Asiyelala mwenyewe amekaa kwenye kiti chake kirefu, macho mekundu kama ya mtu wa tanuri. Nikamwonea huruma tena. Nikasimama. Hakuna aliyeniita. Nikasema Mheshimiwa, kwetu malalo yanaonjwa, na leo mgeni wetu ni wewe, tunakupa heshima uyaonje.

Waziri mmoja akaninong'oneza kwamba hilo halimo kwenye ratiba. Lakini yule mtu alishaanza kuvua koti.

Akalala chali pale pale anapolala Matilda. Bibi yako akatenga chai. Chai ikachemka. Akasema, imechemka. Mtu hainuki. Ikaendelea kuchemka mpaka ikakauka, sufuria ikaanza kunuka. Halafu tukausikia mkoromo.

Nchi nzima haikuwa na sheria ya jambo lile. Asiyelala amelala, Bupe, tena mdomo wazi. Mawaziri wanatazamana, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuona. Mwishoni yule wa Mambo Yaliyokwisha Semwa akashika kipaza sauti, akasema taratibu sana, "Ndugu wananchi, Mheshimiwa anakagua kwa ndani." Watu wakapiga makofi bila kugusanisha viganja. Bendi ikaambiwa ipige bila kupuliza. Askari mmoja alipewa kazi ya kumziba Matilda mdomo asilie, akawa amemkumbatia shingo, na yeye akasinzia hapo hapo. Mtangazaji wa redio alitoa taarifa kwamba Asiyelala hajalala, amelazwa tu na uzito wa ukaguzi.

Jua likaanza kushuka ndipo akaamka. Ana maranda shavuni, amekaa anatazama huku na huku kama mtoto aliyeamkia nyumba ya jirani. Bibi yako akaenda kumpapasa mgongo, walinzi wakashtuka, akasema kavu kabisa. Yule mtu akanishika mkono, akaniita baba. Mimi. "Baba, nimeota," ananiambia. Nikamuuliza ameota nini. "Nimesahau. Ndiyo raha yake." Machozi yalikuwa yanamtoka. Kisha akasimama mbele za watu wote akasema, "Banda hili halitaguswa na mtu yeyote. Nimesema."

Niliamini. Nilirudi nyumbani nikamwambia bibi yako, huyu mtu alikuwa na usingizi tu, sasa nchi itapona.

Wiki haijaisha malori yakaja. Askari wakashuka na majembe, wakazoa malalo yote, mpaka yale ya kwenye kona. Nikamwambia afande, Mheshimiwa alisema banda lisiguswe. Akaniuliza tumegusa nguzo gani, mzee? Nikatazama. Kweli, hawakugusa hata nguzo. Walichoacha ni picha kubwa ya yale malalo, yenye rangi, ndani ya kioo, wakaitundika ukutani ng'ombe waitazame.

Na maranda yakawa mali ya Ikulu. Kiwandani wakaweka bunduki. Ukikutwa na maranda kwenye nywele unaeleza uliyatoa wapi. Maseremala wakawa wanafagiwa kabla ya kwenda nyumbani.

Ng'ombe wakarudi kwenye tope. Na Matilda alikuwa na mimba kubwa, kiwele kimeanza kujaa. Hapo ndipo pa hatari, Bupe. Ng'ombe akizaa, chuchu ziko wazi, tope likiingia kiwele kimekwenda, na kikienda hakirudi. Na mimi sina kingine. Mama yako alikuwa yuko shule ya bweni kwa maziwa ya ng'ombe yule.

Sasa sikiliza. Siku ile ya malori, mimi na Ngwisa tulificha gunia moja. Malalo yaliyoiva, yenye moto. Yale ni kama hamira, ukipata majani makavu na makapi ya kahawa ukachanganya na hilo gunia, moto unaamka haraka, huhitaji kusubiri mwezi. Tuliliweka chini ya kitanda cha bibi yako, na usiku miguu ilikuwa inapata joto, kwa kweli tulilala vizuri. Nilipanga Matilda akikaribia tu, nimtandikie uani kwa siri. Waliojua ni watu watatu. Mimi, bibi yako, na yule unayemwona pale.

Huko Ikulu nako mambo yalikuwa yamewaharibikia. Malalo yalimwagwa chumbani kwa Mheshimiwa, juu ya zulia, kwa gwaride. Siku za mwanzo alilala. Redio haikusema amelala, ilisema anakagua kwa ndani. Halafu yakaanza kupoa. Wizara ya Malalo ikaundwa, waziri akaapa. Wakaita wataalamu, wakasema tatizo ni upungufu wa uzalendo ndani ya maranda. Kwaya ikapelekwa ikayaimbia. Wakanyunyiza marashi. Wakayapigia pasi, Bupe, pasi ya mkaa. Yote baridi. Na kila mtu mle alikwenda shule, kila mtu alijua kinachotakiwa ni kinyesi, mkojo na kugeuzwa. Nani aseme? Utamwambiaje mkuu wa nchi kwamba kinachomlaza ni mavi ya ng'ombe? Mbaya zaidi, kuyageuza lazima umwamshe, na kumwamsha ni kukiri kwamba alikuwa amelala, na hilo lilikuwa uhaini.

Wakaagiza kijiji kitume mtu mmoja wa kueleza. Tukakaa, tukamchagua Ngwisa. Ana maneno, na maranda ameyajua kwanza yeye. Nilimpa koti langu la harusi avae. Nikamwambia shemeji, waambie ukweli kwa upole, malalo bila ng'ombe ni takataka, wayarudishe kwetu, na Mheshimiwa awe anakuja kulala hapa akichoka, tutamfungia mlango asionekane. Akaniambia, "Shemeji, hilo niachie." Bibi yako alimfungia viazi vya kuchemsha vya njiani.

Alirudi na gari. Limeng'aa. Anashuka, ana koti langu, na kwenye koti langu kuna beji: Mkurugenzi Mkuu wa Joto. Nyuma yake lori na askari. Nikafurahi. Nilidhani lori limeleta malalo yetu, nikaenda kuchungulia nyuma. Tupu.

Afande akauliza, ng'ombe wa kwenda kuyapa moto malalo ya Ikulu yupi. Ngwisa aliinua kidole. Matilda alikuwa anamtazama, anamfahamu, akamsogelea anadhani ana chumvi mkononi kama kawaida yake. Nikasema Ngwisa, ana siku chache tu azae. Akatazama chini. Afande akauliza tena, na hamira? Nikajua sasa hapo atanyamaza, maana pale ni chumbani kwa dada yake. Akainua kidole kile kile akaonyesha mlango wa chumba.

Bibi yako alikuwa amesimama mlangoni. Alimwambia tu, "Kaka, na viazi vyangu ulikula?"

Akasema, "Nilikula."

Akapisha. Wakaingia wakatoa gunia, bado lina joto, askari aliyelibeba alikuwa analikumbatia kwa raha. Matilda wakampandisha. Koti langu nalo likaondoka.

Alizaa Ikulu. Redio ilitangaza amezaa kwa niaba ya taifa. Ndama akatolewa kwa balozi wa nchi jirani kama zawadi, hajakausha hata manyoya. Na kwa muda moto ukarudi kweli, maana ng'ombe yupo, anafanya mambo yake, na Mheshimiwa analala ubavuni pake usiku na mchana. Ila wa kugeuza hakuna. Ngwisa alikuwa Mkurugenzi Mkuu, mkurugenzi hashiki jembe, na hata angelishika asingethubutu kumwamsha mtu asiyelala. Malalo yasiyogeuzwa yanafanyaje? Yanashindilia, hewa inakosa, mkojo unatuama, yanaoza kwa baridi. Yakawa tope. Tope la Ikulu, lakini tope. Matilda analala humo na kiwele kilichotoka kuzaa. Unajua kilichofuata, sitaki kukisema wakati maharage yako motoni.

Ikafika sikukuu ya nchi. Wote tulibebwa na malori kwenda mjini kushangilia, mimi na bibi yako tukawekwa mbele, kwenye wale wenye furaha. Asiyelala akatokea juu kwenye kibaraza. Ameamka sasa hivi, macho yamevimba, shati jeupe. Kwa mbele, safi kabisa. Akatuambia nchi haijawahi kuwa na joto kama mwaka huu. Akatuambia ana mgongo mmoja tu nao ameutoa kwa ajili yetu. Tukashangilia. Kisha akamaliza, akageuka arudi ndani.

Shati lilikuwa limelowa, Bupe. Mgongo wote. Limegandamana, rangi ya mkojo, na unyasi mmoja umening'inia.

Pale uwanjani watu wengi walikuwa wametoka huku kwetu, wafugaji, wanajua desturi. Wakautazama ule mgongo. Halafu nikamsikia bibi yako amecheka. Si kwa ubaya. Ni mazoea, mgongo ukilowa unacheka. Akashika mdomo lakini kicheko kilishatoka. Mwingine naye kule. Kisha uwanja mzima, mpaka askari, mpaka wale wa bendi, na kwa desturi yetu anayechekwa haruhusiwi kukasirika. Akageuka kutoa amri, na alivyogeuka akawapa mgongo waliokuwa ndani, nao wakacheka. Hakurudi tena kibarazani. Hakuna aliyempiga hata kofi. Siku iliyofuata redio ilisema amelala, ikamtaja kwa jina alilopewa na mama yake.

Ungesema hadithi imeisha vizuri, eh? Subiri. Usifunue sufuria, unatoa moto.

Wakaja wapya. Mkuu wao alikataa ukubwa, akasema aitwe Mwenzenu. Akasema kila kilichochukuliwa kitarudi kwa mwenyewe. Nikapata barua ya mwaliko wa kuapishwa, na aliyeileta akasema, mzee, na ng'ombe wako utaondoka naye siku hiyo hiyo. Nikasuka kamba mpya. Bibi yako akaninyooshea shati. Nilikwenda mjini nimebeba kamba begani, watu wananisalimia, nawaambia nakwenda kumchukua Matilda.

Baada ya viapo tukaketishwa kwenye meza ndefu. Jirani yangu ni nani? Ngwisa. Ana beji mpya, Mshauri wa Mwenzenu kwa Mambo ya Joto. Hakuwa amevaa koti langu, kumbe nalo lilikuwa limekwenda kwenye makumbusho. Akanikumbatia. Nilikuwa na furaha, nikamwacha anikumbatie. Nikamuuliza Matilda yuko wapi. Akaona kamba. Aliitazama ile kamba, Bupe, naapa aliitazama muda mrefu.

Akasema, "Kula kwanza, shemeji."

Pilau ililetwa. Nilikuwa na njaa ya safari. Nyama ilikuwa nyingi, laini, nikamwambia Ngwisa wenzetu wa mjini mnajua kupika. Akanisogezea na ya kwake. Nilikula na ya kwake.

Nikaenda kunawa nyuma, kule jikoni. Kwenye rundo la vichwa kulikuwa na pembe moja imepinda imekuja mbele.

Nilirudi pale mezani nikasimama. Nikamwambia ulijua. Akasema, "Kiwele kilishakufa, shemeji. Ng'ombe asiyekamuliwa ni nyama. Ningekuambia usingekula, na wenye sherehe wangeuliza kwa nini mgeni wao hali." Wageni wakaniambia mzee kaa, unatuzibia Mwenzenu anahutubia. Mwenzenu alikuwa anasema sasa wote tumekula meza moja. Nikaiacha kamba juu ya sahani nikarudi kwa miguu.

Wizara ya Malalo ipo mpaka leo. Ina jengo.

Baadaye walimfukuza Ngwisa, walipata mwingine mwenye maneno kumzidi. Ndipo akaanza kuja na gunia. Anasimama hapo kwenye jiwe, mvua inamnyeshea, jioni anaacha gunia anaondoka. Sijawahi kumwambia ingia, sijawahi kumwambia toka. Bibi yako haniambii kitu. Anapika tu chakula kingi kuliko tulivyo, halafu kinabaki. Sasa wewe leo umeniuliza kwa nini mzee yule hakai, na nimetafuta jibu fupi sina.

Haya, bibi yako huyo anatoka nje. Muache. Subilaga, unalowa. Anamgeuza. Unaona, anampapasa mgongo. Shati limelowa, tangu shingoni. Usicheke, Bupe. Hucheki? Basi vizuri.

Lile gunia liwekeni hapo karibu na moto, maranda yasipate maji.

Ngwisa. Ingia, mlango si wa kwangu peke yangu. Usiniamkie kwanza. Sogeza hicho kigoda, hapo, mbele yangu nikuone mikono. Bupe, mnawishe maji. Ni maharage na ugali, nyama nyumba hii haipiki. Hapana, usinimegee mimi. Anza wewe. Leo unaonja wewe kwanza, sisi wote tunakutazama.

Tafuna taratibu. Haya, ameza.

Kaeni sasa, wote. Subilaga, na wewe kaa. Tule.